Waliobaki Wawili

Tarehe 29 Oktoba 2006 ndugu zetu Kongo walirudi kupiga kura. Walibaki wawili tu, Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba, na askari wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kupigana Kinshasa mwezi wa Agosti. Mkristo asiyempenda hata mmoja afanyeje? Mzee Étienne Tshisekedi alikuwa ameukataa uchaguzi huo tangu mwanzo. Mzee Antoine Gizenga, aliyekuwa wa tatu, alimwunga mkono Kabila, akapata kuwa Waziri Mkuu. Wengi humwona Tshisekedi kuwa ndiye aliyebaki safi, na mimi namheshimu. Lakini someni Waamuzi 9: mzeituni, mtini na mzabibu ilikataa kutawala, kila mmoja kwa sababu nzuri, na miti ikaishia kuuomba mti wa miiba. Kukataa hakukuacha kiti wazi. Kabila alishinda kwa asilimia 58. Basi naona afadhali kuchagua ovu lililo dogo, mradi tusiliite jema. Taabu ni hapo. Mtu hupiga kura kwa huzuni, na baada ya mwezi mmoja utamkuta kanisani amevaa kitenge chenye picha ya mkubwa yule, akikasirika ukimwuliza habari za waliokufa.