Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Ukiandika maisha yako, unamtaja nani?



Wiki iliyopita alinijia mzee mmoja baada ya Alasiri, mkononi ana madaftari matatu. Ameandika maisha yake. Mjukuu ameshayachapa, sasa anataka zitoke nakala 50, ukoo mzima upate. Nimemwomba ruhusa nikusimulie, kakubali, ila jina nilisitiri.

Kilichomleta ni sura moja tu. Humo anaeleza jinsi kaka yake alivyouza kimyakimya shamba la marehemu baba yao, akala pesa peke yake, yeye akabaki anahangaika na watoto wadogo. Kaka ameshafariki. Watoto wa kaka wapo, na kitabu watakisoma. Akaniuliza: "Sheikh, kila neno humu ni kweli. Hiyo nayo ni ghiba?"

Ndugu yangu, ukweli peke yake hautuokoi hapo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kumsema mwenzio kwa jambo analochukia, nalo analo kweli, ndiyo ghiba yenyewe. Asipokuwa nalo, umemzulia. Ni kweli aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kuisema dhulma yake. Kama kuna haki unadai, waite warithi, nenda kwa wazee, kwa kadhi, mahakamani. Lakini kitabu si baraza. Aliye kaburini hawezi kujibu.

Basi tusiandike? Hapana. Mtazame Kaab bin Malik (r.a.). Uzeeni, macho yameshapotea, alimsimulia mwanawe Abdullah, aliyekuwa akimwongoza njia, jinsi alivyobaki Madina bila udhuru wakati wa Tabuk, na zile siku 50 alizosuswa. Masimulizi hayo yamo katika Bukhari na Muslim. Kosa lake hakulipamba. Nalo lilikuwa kosa ambalo watu walishalijua, na toba yake imeshashuka katika Surat Tawba. Madhambi ambayo Mola amekusitiria, usiyafukue mwenyewe.

Sasa angalia majina. Kule Tabuk Mtume (s.a.w.) alipomuulizia, mtu mmoja alimsema vibaya. Kaab anamwita tu mtu wa Bani Salima, yaani wa ukoo wake mwenyewe. Aliyemtetea anamtaja wazi: Muadh bin Jabal. Aliyenyanyuka mbio kumpongeza siku toba ilipokubaliwa anamtaja pia: Talha, na akasema hakumsahau kwa hilo.

Na Nabii Yusuf (a.s.) je? Alipokutana na wazazi wake alimshukuru Allah kwa kumtoa gerezani. Kisima hakukigusa, na ndugu zake wapo pale pale. Kosa lao alishawaambia wenyewe, ana kwa ana.

Nilipomweleza hayo mzee akanikatiza: "Kwa hiyo wanangu wasijue kwa nini walilala njaa?"

Nikamwambia: Njaa iandike yote, mzee wangu. Andika kwamba shamba lilipotea na ulianza upya mikono mitupu. Aliyekukopesha unga mwandike kwa jina lake na la baba yake. Aliyeuza shamba muachie Mola wake.

Akakaa kimya kidogo. "Ni ngumu, Sheikh." Nami nikakiri kwamba ni ngumu. Usiku ule nilijiuliza kama mimi ningeweza, na jibu sikulipenda. Madaftari kaondoka nayo. Amesema atafikiri mpaka baada ya Idi.

Wewe huenda huna kitabu, lakini kisa chako unakisimulia kila siku, kwenye simu na barazani. Leo baada ya taraweh, kabla ya kulala, chukua karatasi. Andika majina mawili ya watu waliosimama nawe siku mbaya. Aliye hai mpigie, aliyetangulia muombee. Jina la yule wa tatu, unamjua mwenyewe, jaribu kulala bila kuliandika.

Allah atusitiri duniani na akhera, na azitakase ndimi zetu na kalamu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.