Mwalimu, Wako Anasoma Wapi?

Swali liliulizwa kibandani, mke wangu akichagua nyanya. Mama mboga wetu ana watoto wawili katika shule ya msingi ya serikali ambako mke wangu anafundisha, na mmoja wao yuko kwenye darasa lake. Alikuwa anakatakata sukuma, kisu kikienda chenyewe, akauliza bila hata kuinua macho: "Na wewe madam, wako anasoma wapi? Sijawahi kumwona pale kwetu."

Mke wangu akamwambia yuko ushago kwa nyanya yake.

Wakati huo binti yetu alikuwa orofa ya tatu, mita 50 hivi kutoka pale kibandani, akifanya homuwaki ya akademi tunayoilipia 31,000 kila muhula, gari la shule kando. Mke wangu aliniambia habari ya ule uongo usiku, taa ikiwa imezimwa. "Sijui ulitoka wapi," alisema. "Ulitoka tu."

Mke wangu si mwongo. Ni mtu wa kumrudishia makanga shilingi 10 aliyozidisha kwenye chenji. Ndiyo maana siwezi kuuchukulia ule uongo kama kitu kidogo. Mtu kama huyo akidanganya kuhusu shule ya mtoto wake mbele ya mzazi wa mwanafunzi wake, kuna jambo pale linataka kuangaliwa.

Tulitoka Kitale mwezi wa Desemba, baada ya uhamisho wake wa TSC kukubaliwa. Mimi kazi yangu naifanya kwa kompyuta, kwa hivyo popote penye stima na intaneti ni ofisi. Tulikuwa na wikendi tatu za kutafuta nyumba na shule, na kila mtu tuliyemjua Nairobi alikuwa na maoni. Ruaka kuzuri lakini foleni. Rongai bei nafuu lakini utazeekea barabarani. Umoja maji shida. Kileleshwa, aliniambia binamu yangu, na akacheka kabla sijamjibu. Ajenti mmoja alituchukua pesa ya kuonyeshwa nyumba, akatupeleka Fedha, kule Embakasi, akasimama sebuleni mikono kiunoni na kutuambia, "Hapa ni Fedha. Si Pipeline." Kutoka dirisha la jikoni Pipeline ilikuwa inaonekana vizuri kabisa, yale maghorofa yaliyobanana hadi watu wa orofa za chini huwasha taa saa sita mchana. Tulikuwa tunalipia huo ukuta katikati. Nilijua, na nikatoa dipositi.

Nairobi haijawahi kuficha kwamba mtaa ni daraja. Mji ulianza na reli mwaka 1899, na wakoloni wakaugawa kwa rangi: Wazungu kwenye vilima vya magharibi kwenye hewa na miti, Wahindi Ngara na Parklands, Mwafrika mashariki, karibu na reli na viwanda alikohitajika asubuhi. Shule zikafuata ramani hiyo hiyo. Nairobi School ilikuwa Prince of Wales, Lenana ilikuwa Duke of York, na mtoto mweusi hakuwa na dawati huko. Rangi iliondolewa kwenye sheria. Ramani ikabaki, ila sasa mlinzi wa getini haulizi ngozi yako, anauliza kodi utalipa ngapi. Mtu akihamia mjini leo na kusema anatafuta tu "mtaa poa wenye shule nzuri", anaisoma ramani ambayo hakuichora yeye. Lakini anaisoma, na anajiweka mahali.

Sasa shule. Binti yetu alikuwa anaingia Gredi ya Nne. Jambo rahisi lingekuwa aende na mama yake: nauli hakuna, karo hakuna, anatoka nyumbani akiwa ameshika mkono wa mwalimu. Tulikwenda kuangalia. Darasa ambalo mke wangu angepewa lilikuwa na watoto 81. Dawati la wawili linakaa wanne. Nilisimama mlangoni nikamwangalia mke wangu akiangalia, na nikajua tumeshaamua kabla ya yeyote kusema neno. Kule akademi walikuwa 26, na mwalimu alimwita binti yetu kwa jina siku ya kwanza.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema wahenga, na watu wengi wangefunga mjadala hapo. Mtoto ni wako, pesa ni zako, nani mwingine ana haki ya kuuliza? Mimi pia ningefunga hapo, kama nisingekuwa naujua upande wa pili.

Januari 2003 nilikuwa darasa la nne mimi mwenyewe. Serikali mpya ya Kibaki ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia madarasani nchi nzima. Kwetu tuliwaona wakija na wazazi wao kwenye foleni mpaka nje ya geti, wengine wakubwa kuliko kaka yangu. Ilikuwa siku ya furaha kweli, nakumbuka walimu wakicheka. Kufikia muhula wa pili, wale waliokuwa na uwezo walikuwa wameanza kuondoka. Mtoto wa meneja wa benki. Mtoto wa daktari wa mifugo. Halafu mwenzangu wa dawati, mtoto wa mwalimu mkuu msaidizi wa shule hiyo hiyo. Jumatatu moja hakuja, na kufikia Ijumaa tukasikia amevalishwa sweta ya maruni ya akademi. Baba yake aliendelea kutufundisha hesabu. Alitufundisha vizuri pia. Ila kuna siku alikasirika na kusema sisi hatuna bidii, na mvulana mmoja nyuma akanong'ona, "Si ndiyo maana amehamisha wake." Darasa zima lilisikia. Naye alisikia.

Basi mimi ndiye niliyeachwa, na sasa mimi ndiye ninayeacha.

Adam Swift, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika kitabu kizima mwaka 2003 kuhusu wazazi wa aina yangu, wale wanaoamini shule za kulipia zinaharibu usawa na bado wanalipa. Anachosema, kwa ufupi wangu, ni kwamba kumwokoa mtoto kutoka shule isiyotosha ni tofauti na kumnunulia nafasi ya mbele kwenye foleni ya wenzake. La kwanza mzazi anaruhusiwa. La pili ni gumu kulitetea, kwa sababu foleni ina urefu ule ule: wako akisogea mbele, wa mwenzako amesogezwa nyuma. Niliposoma hayo nilifurahi dakika mbili. Nikajiambia, watoto 81, hiyo haitoshi, tumeruhusiwa. Kisha nikakumbuka nilichomuuliza mwalimu mkuu wa akademi siku ile tulipozuru. Sikuuliza kama watoto wako salama au kama wanaelewa wanachosoma. Niliuliza wanaotoka hapa huingia shule gani za sekondari. Hilo ni swali la foleni.

Rafiki yangu mmoja, msee wa hesabu, ananiambia najitesa bure. "Ukimtoa wako wanabaki 81. Ukimweka wanakuwa 82. Umewasaidia, buda." Ni kweli kwa hesabu ya madawati. Lakini mtoto haji shuleni peke yake. Anakuja na mzazi, na wazazi hawalingani. Mimi najua kuandika barua kwa bodi ya shule na kuifuatilia. Najua Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na sioni aibu kukitaja mbele ya ofisa wa elimu. Vyoo vya akademi vilipoharibika wiki mbili, tulipiga kelele kwenye grupu la WhatsApp na fundi akaja kesho yake. Mchumi Albert Hirschman alilieleza jambo hili mwaka 1970: kitu kikiharibika unaweza kulalamika au unaweza kuondoka, na wale ambao wangelalamika kwa nguvu zaidi mara nyingi ndio wanaotangulia kuondoka. Alitumia shule kama mfano. Tulipomtoa binti yetu tuliondoka na kelele zetu. Watoto 81 walibaki na wazazi ambao wengi wako Industrial Area saa ambazo mkutano wa shule unaitishwa.

Je, nimtoe mtoto wangu kafara ili niende kupiga kelele? Hapana. Bado nasema hapana. Ana miaka tisa na hakuomba kuwa hoja yangu. (Rousseau alituandikia kitabu maarufu cha malezi mwaka 1762, baada ya kuwapeleka watoto wake watano kwenye nyumba ya mayatima. Nawaogopa wazazi wenye nadharia.) Lakini "hapana" hiyo haifuti deni. Kuna mambo unayoruhusiwa kuyafanya na bado mtu fulani anakudai, na kosa letu kubwa tabaka hili la wapangaji wenye WiFi ni kudhani kwamba tukipata ruhusa, deni limekwisha. Kwa hiyo tunanyamaza. Ofisini kwa mke wangu kuna walimu kumi na wanne. Anavyojua yeye, wawili tu wana mtoto pale. Wengine hawaulizani.

Na hapo ndipo uongo wa kibandani ulikotoka, nafikiri. Kama uamuzi wetu ungekuwa safi kama tulivyojiambia, angeweza kuusema mbele ya yule mama bila shida: wako hapa kwangu, wangu kule, na sababu ni hii. Alishindwa kwa sababu sababu yenyewe, ikisemwa kwa sauti, ingesikika hivi: darasa ninalomfundishia mtoto wako silitaki kwa wangu.

Binti yetu alifika huko kabla yetu. Gari lake huja saa kumi na moja na nusu asubuhi, giza bado, na mimi ndiye humshusha ngazi. Siku moja mwezi wa Machi, amekaa kwenye begi lake akisinzia, akaniuliza, "Baba, kama shule ya mama si nzuri, kwa nini mama anafundisha hapo?" Nikamwambia shule ya mama ni nzuri. Akanitazama. Gari likaja.

Nilimwambia mke wangu. Hakunijibu, lakini Jumamosi hiyo alishuka kwa mama mboga, mimi nikimfuata na kiondo kama mtoto. Akamwambia moja kwa moja: binti yetu hayuko ushago, yuko akademi, na ile siku nilikudanganya, nisamehe. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, au kwa ule ukimya wa heshima ambao ni mbaya kuliko hasira.

Mama mboga alicheka. "Madam, kwani ulidhani sijui? Si namwona akishuka kwa lile gari la manjano kila jioni." Akapangusa kisu kwa leso. "Ata mimi ningekuwa nazo ningempeleka. Sasa niambie ukweli, huko ni ngapi?"

Mke wangu akamtajia. Thelathini na moja, na elfu tisa za gari.

Yule mama akainua macho, midomo ikihesabu, sijui ni mafungu mangapi ya sukuma. Kisha akarudi kukata. "Na huyu wangu wa kwako," akauliza, "kusoma anaendeleaje?"

Mke wangu alivuta kiti cha plastiki akakaa. Walizungumza karibu saa nzima kuhusu mtoto huyo, anakosea wapi, anaandika herufi gani kinyume, anacheza na nani. Niliona mke wangu akisita mara mbili, akitafuta kukumbuka anakaa safu gani kati ya wale 81.

Kijana wetu wa mwisho anaingia PP1 mwakani. Fomu ya akademi iko juu ya friji, chini ya bakuli la funguo. Hakuna aliyeijaza.