Mti Ukipasuka, Nani Anadai?

Niliuanika juu ya mabati. Kosa lenyewe ni hilo.

Ulikuwa mti wa mkone, ule Wakamba tunaouita mulawa, mnene kidogo kuliko mkono wangu pale kwenye kifundo, mrefu kufika kidevuni. Niliukata pamoja na mwenzake nyuma ya boma la mjomba, Kitui, nikitaka kutengeneza upinde. Nilikuwa nimeacha chuo mwezi mmoja uliopita, mwaka wa tatu, na nilihitaji kumaliza kitu. Chochote. Mjomba aliniambia mti wa upinde unataka miezi kukauka. Mimi nilikuwa na wiki. Nikaubambua gome lote, nikaulaza juani. Siku ya tatu nikasikia mlio, kama mtu amevunja kijiti. Ufa ulikuwa umepita kule ambako kungekuwa mgongo wa upinde, ukaingia hadi kwenye kiini.

Mjomba hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kijana wangu, ulikuwa unakimbilia wapi?" Kisha akauegemeza kwenye kuni.

Mti mbichi umejaa maji, na ukikauka unasinyaa. Shida ni kwamba hausinyai sawasawa. Nje hukauka kabla ya ndani, na pia mti husinyaa zaidi kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea kiini. Gogo kubwa unalipasua vipande, kila kipande kikajisogeza kivyake. Mti mwembamba hauna nafasi hiyo. Ni mviringo uliofungwa, ngozi inakaza juu ya mwili ambao haujapungua, na mwisho lazima kitu kiachie.

Kwa hivyo unachagua upande ulionyooka, usio na vifundo. Huo ndio mgongo, utakaotazama mbele ukivuta upinde. Gome unatoa polepole, lakini mti wenyewe hapo huugusi kwa panga, maana ukikata nyuzi zake upinde utavunjika papo hapo. Upande wa pili, tumbo, unauchonga ukiwa bado mbichi mpaka ukipite kiini. Mviringo ukishafunguliwa hivyo, mti unapata pa kusogea. Ncha zote mbili unazipaka nta, au hata rangi ya mlango, kwa sababu huko maji hutoka mbio zaidi. Unaufunga kwenye ubao usije ukapinda, unauweka kivulini, unangoja. Mjomba alinieleza yote haya kabla sijashika shoka. Siwezi kujitetea eti sikujua.

Rafiki yangu aliyemaliza sheria nilimpigia simu nikamweleza ninavyojisikia. Akacheka. "Aki wewe, si ni kijiti tu!" Hoja yake ni kwamba kosa bila mtu aliyeumia si kosa, ni hasara. Na ana pointi. Lile shina lilishaanza kuchipua tena. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hivyo hakuna nyumba iliyolala bila nyama kwa sababu yangu. Pinde za mjomba siku hizi kazi yake ni kutisha nyani kwenye mahindi.

Nikakubali, nikakata simu, na nisitulie.

Karo yangu ya sekondari ililipwa na makaa. Kabla ya kaunti ya Kitui kupiga marufuku biashara hiyo mwaka 2018, mama alikuwa akiuza magunia kando ya barabara, na kila muhula migunga kadhaa ilianguka. Sikuwahi kuionea huruma. Ilikuwa inaenda mahali: mimi kidato cha kwanza, mimi kidato cha nne. Halafu mimi nikaacha chuo. Sasa huyo wakili anisaidie, hiyo nayo tuiite hasara tu? Mama hajawahi kuniuliza. Angeuliza, pengine ningepumua.

Kuna yule mtu aliyeonekana kwenye barafu mwaka 1991, mpakani mwa Italia na Austria, wanayemwita Ötzi. Alikufa miaka zaidi ya 5,000 iliyopita. Kando yake palikuwa na upinde wa mita 1.82, bado una alama za shoka, haujamalizika. Mishale 14 aliyobeba, miwili tu ndiyo ilikuwa tayari. Nimesoma mengi juu yake na sijaona mtu akisema aliharibu mti. Kifo kilimkuta kazini. Ningependa sana kujihesabu upande wake, ati na mimi sijamaliza tu. Lakini mti wangu haukukatizwa na kifo wala umaskini. Nilikuwa mzima, kivuli kilikuwepo hatua kumi kutoka pale, na nikachagua mabati.

Halafu wiki iliyopita mjomba akanitajia kitu, tena kwa kupitia tu, tukizungumza juu ya mbuzi. Yale mashina mawili alikuwa akiyapunguzia vichipukizi vya pembeni tangu nikiwa shule ya msingi, ili yanyooke bila vifundo. Yaani kulikuwa na mtu aliyengoja miaka yote hiyo, na mimi nikashindwa kuongeza miezi michache. Nilipouliza mbona hakusema mapema, alisema ningekata kwa woga.

Mti wa pili uko darini kwake, umechongwa tumbo, ncha zimepakwa rangi ya bluu iliyobaki mlangoni. Kila Jumamosi naufungua kwenye ubao, naupeleka dukani, naupima. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Mwenye duka aliniuliza nauza bei gani, nikamwambia siuzi. Jumamosi ya juzi mizani ilisoma gramu 1,435. Jana, 1,420. Bado unatoa maji.