Ofisi ya Vioo Kamina

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne, na Kamina, mji wa njiapanda ya reli, ukafanywa makao makuu ya Haut-Lomami. Ghafla kila idara ikataka mlango wake na kibao chake. Hadithi hii nimeitunga, ila jua na umeme wake sikuvitunga.

Paliondokea mkurugenzi aliyetaka ofisi inayong'aa. Mchoro ulikuja kutoka mbali, umekwisha kutiwa sahihi: ghorofa mbili, uso mzima wa vioo, umeelekea magharibi kwa kuwa ndiko barabara iliko. Fundi mzee wa matofali akautazama, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Bwana Mkurugenzi, urefu wa nyumba ufuate njia ya jua, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Saa tisa alasiri jua la magharibi hupita chini ya paa lolote."

"Mzee, tutaweka viyoyozi."

"Na umeme?"

"Jenereta."

Basi jengo likaharibika hapo hapo, msingi haujachimbwa. Tangu 1982 nyaya za bwawa la Inga husafirisha umeme kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi, zikipita juu ya watu wanaowasha vibatari. Mkondo wake ni wa moja kwa moja. Haudokolewi njiani bila mitambo ya gharama kubwa. Anayejenga ofisi ya umma akitegemea swichi amuulize kwanza mlipaji wa mafuta.

Katika ofisi yetu mafuta ya miezi mitatu yaliisha kabla ya mwezi wa pili. Ilikuwa Oktoba, jua la adhuhuri liko utosini na mvua bado zinasuasua. Vioo havikuwa na bawaba. Nani afungue dirisha penye kiyoyozi? Karani alipoinua mkono, fomu ya mwananchi iliinuka nao, imenata kwa jasho, na wino wa mhuri umehamia kwenye ngozi.

Harare walipata jibu jingine. Eastgate, jengo la ofisi na maduka lililochorwa na Mick Pearce na kufunguliwa 1996, halina viyoyozi vya kawaida. Usiku feni husukuma hewa baridi ndani, nayo hupoza zege na matofali mazito. Mchana uzito huo hufyonza joto, na hewa iliyochoka hutokea juu kwenye mabomba. Pearce alivitazama vichuguu vya mchwa. Wataalamu wa wadudu wamebisha baadaye kwamba kichuguu hakipumui hivyo hasa. Wabishane, jengo linapoa. Katanga nako vichuguu si haba, na mafundi hufyatua matofali kwa udongo wa vichuguu hivyo. Tena Kamina iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari: usiku wa kiangazi watu hutafuta blanketi. Ubaridi huo ni wa bure, na ofisi yetu ilikuwa imeufungia nje.

Mwaka wa tatu kamati ya ukarabati ilikaa chini ya mwembe, maana ofisini hapakukalika. Mmoja akapendekeza jenereta kubwa zaidi. Mwingine akataka sola ziendeshe viyoyozi vile vile, akitaja ofisi za Umoja wa Mataifa za Gigiri, Nairobi, zilizozinduliwa 2011 na paa lililojaa sola. Hakutaja kwamba Gigiri walianza kwa kupunguza mahitaji: mwanga wa mchana ukashushwa hadi ghorofa za chini, hewa ikaachiwa njia yake, ndipo sola zikatosha.

Fundi akaitwa. Akataja kazi: vioo vya magharibi vitoke, ukuta mnene upande, baraza pana lizunguke, matundu yafunguliwe chini na juu ili joto lipate pa kutokea. Mkurugenzi akasoma bei, akavua miwani.

"Mzee, hii ni karibu nusu ya jengo zima!"

"Kugeuza karatasi ningefanya bure. Kubomoa nalipwa, tena safari hii kabla sijachanganya udongo."