Kitabu Kisicho na Funzo

Wazee wa mtaa wetu husimulia kwamba jina la Mwananyamala limetokana na maneno ya wenyeji wa pwani hii, mwana nyamala, yaani mtoto nyamaza. Zamani, wanasema, hapa palikuwa pori, na mama aliyepita na mwanawe mgongoni alimsihi asilie wasije wakasikiwa na wanyama wakali. Kama ndivyo au sivyo, mimi si mwanahistoria wa kuapa. Ninachoweza kuapa ni kwamba nimekaa hapa zaidi ya miaka 30 na sijapata kumwona mtoto aliyenyamaza. Jua likishapungua makali, uchochoro ulio nyuma ya nyumba yangu hujaa rede, kamba, mduara, na nyimbo zisizo na kichwa wala miguu. Nami kwa miaka 36 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwanyamazisha.

Mwaka juzi nilikuwa Posta kwa shughuli zangu za pensheni. Kwa muuza vitabu anayepanga bidhaa yake chini kando ya njia nikaona kitabu chembamba cha watoto, picha kila ukurasa, na chini ya kila picha mistari michache yenye vina. Wanyama waliokuwamo walifanya mambo ambayo wanyama hawafanyi. Nilicheka peke yangu pale barabarani, mzee mzima, nikalipa shilingi 4,000 nikampelekea mjukuu wangu ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili.

Mama yake, binti yangu, hupika maandazi na kuyauza asubuhi. Alikishika kitabu, akakifungua mbele na nyuma. "Baba, nashukuru. Lakini hiki kinafundisha nini? Si bora tungepata madaftari?"

Sikuwa na jibu, na sababu ya kukosa jibu ni kwamba swali lile lilikuwa langu. Ndugu msomaji, kama ulisoma shule zetu unalifahamu: hadithi hii inatufundisha nini? Nimeliandika ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Sungura alipomdanganya Fisi, tulifunga hesabu kwa swali hilo, na darasa zima likajibu kwa pamoja kwamba tusiwe walafi. Mtoto aliyecheka tu, bila kutoa funzo, alihesabiwa kuwa hakuelewa.

Sitaki kuukejeli wakati ule. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 taifa liliamua kila mtoto aingie darasani. Niliingia kazini katika wimbi hilo. Karatasi ilikuwa adimu; watoto waliinamia kitabu kimoja kama ng'ombe kwenye birika. Nchi iliyo katika hali hiyo huona aibu kuchapa kitabu cha kuku aliyevaa viatu wakati hakuna cha kilimo wala cha maji safi. Ilipofika mwaka 1991 ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliosaidia wachapishaji wetu kutoa vitabu vya Kiswahili vya kusoma kwa ridhaa, siyo vya kiada peke yake. Mwaka huo huo Walter Bgoya akaanzisha Mkuki na Nyota. Tukaanza kupata vitabu vya kwetu vyenye picha. Hata hivyo sisi walimu tulivipokea kwa jicho lile lile, tukigeuza ukurasa wa mwisho kwanza kutafuta funzo.

Wala hatukuwa wa kwanza. Huko Urusi palikuwa na mtunzi aitwaye Kornei Chukovsky, aliyeandika utenzi wa watoto juu ya mamba anayetembea mjini. Mwaka 1928 Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin na mmoja wa viongozi wa elimu wa nchi ile, aliandika katika gazeti la Pravda kwamba utenzi huo ni upuuzi usiofaa kupewa watoto. Mwanamke yule hakuwa mjinga. Alikuwa na nchi ya kujenga na mamilioni ya watu wasiojua kusoma, na aliuliza swali la binti yangu. Chukovsky aliishi hadi mwaka 1969 akishikilia kwamba mtoto huupenda upuuzi kwa sababu tayari anaujua ukweli: asiyejua kwamba mamba hatembei mjini hawezi kucheka.

Sasa niseme jambo langu. Mwaka 1983, katika shule ambayo sitaitaja, mvulana wa darasa la tatu aliandika nyuma ya daftari lake la hesabu beti kama nne hivi za kuwatania wenzake, kila mmoja na mnyama wake, vina vimepangwa sawasawa. Daftari likapita dawati hadi dawati, kicheko kikapita nalo. Nililichukua, nikachana zile kurasa, nikamchapa viboko viwili vya mkononi kwa kuharibu daftari la serikali. Aliyeharibu daftari, kwa hakika, alikuwa mimi. Nakumbuka nilipokuwa nachana niliona kwamba mizani ilitimia, nanane kila kipande, na hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha mizani.

Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba katika mwaka ule ule wa 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford, Uingereza, walichapisha utafiti wao juu ya watoto wadogo: wale walioweza kutambua maneno yenye vina kabla ya kuanza kusoma ndio waliokuja kusoma vizuri zaidi. Utafiti ule ulihusu Kiingereza. Kwetu sisi nadhani jambo liko karibu zaidi, maana kina cha Kiswahili si mlio wa mwishoni tu, ni silabi nzima, na silabi ndiyo tunayomfundishia mtoto kusoma. Ba be bi bo bu ya ubaoni na kina cha mshairi ni tofali moja. Tofauti ni kwamba la ubaoni halichekeshi.

Kile kitabu cha Posta kilichakaa upesi. Cha pili sikukipata, tukaamua kujitengenezea chetu katika daftari, mimi nikitunga, mjukuu akichora. Ukurasa wa kwanza uliandikwa hivi:

Kuku kavaa kiatu,
kaenda kula na watu,
akaulizwa na chatu:
mbona miguu mitatu?

Si ushairi wa kushindania tuzo, lakini mchoro wa chatu ulikuwa mzuri. Na hapo yakatokea niliyotaka kuyasimulia. Mjukuu wangu alikuwa mmoja wa wale watoto wanaosoma kitabu cha shule kwa kukariri; ungekigeuza juu chini angeendelea bila kukosea. Wako wengi. Utafiti wa Uwezo wa mwaka 2010 uliona kwamba katika kila wanafunzi kumi wa darasa la tatu ni kama watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili, na mwaka 2015 serikali ikaelekeza mtaala wa darasa la kwanza na la pili kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Nilihofu kwamba vina vitamzidishia kukariri. Basi jioni moja kwa makusudi nikasoma, "kaenda kula na wageni."

"Babu, siyo hivyo."

"Siyo nini? Watu na wageni si mamoja?"

"Haliimbi hilo."

Akaninyang'anya daftari, akaweka kidole chini ya neno, akalisoma kwa silabi mbili, wa, tu, akanitazama kama hakimu. Kwa mara ya kwanza nilimwona akienda kwenye maandishi kutafuta ushahidi.

Nikaenda kumwambia mama yake kwamba jibu nimelipata: kitabu kile kinafundisha kusoma. Naye akafurahi. Lakini usiku nikajikamata. Kumbe nimekitetea kile kitabu kwa kukitafutia funzo, mwalimu yule yule! Kama kesho mtafiti mwingine akithibitisha kwamba vina havisaidii kitu katika kusoma, je, nitamnyang'anya mtoto kuku wake?

Sidhani. Kulikuwa na jambo jingine katika kile kidole. Nyumbani kwetu mtoto huambiwa. Huambiwa na mama, na mwalimu, na shehe, na mimi. Hana mahali ambapo yeye ndiye ajuaye na mkubwa ndiye mkosaji, ila hapo kwenye utani wa babu na mjukuu, na hapo kwenye kina. Kina hakijui umri. Kikivunjika kimevunjika, awe amekivunja mtoto au mwalimu mstaafu, na mwenye sikio ana haki ya kusema. Sina hakika kama hilo ni funzo. Nikilipa jina hilo nitarudi kule kule.

Nikiri pia kwamba vitabu vingi vya namna hii ni vibovu. Mtu hudhani kwa kuwa msomaji ni mdogo basi guni inatosha. Hujaza "sana sana" na "jamani" ili mstari ufike, picha nayo haihusiani na neno. Amri Abedi, aliyetuachia sheria za utunzi mwaka 1954, hakusema kwamba sheria zile zilegezwe kwa ajili ya watoto. Kuliko vina vya kulazimisha ni heri hadithi ya kawaida iliyonyooka. Binti yangu, mwenye kuhesabu kila shilingi ya maandazi, ana haki ya kukataa kibaya.

Mwaka jana kwenye kituo cha Makumbusho nilipanda daladala kiti cha mbele. Dereva, mwenye mvi kidogo, akaniangalia kwenye kioo. "Shikamoo mwalimu." Alikuwa yule mvulana. Tulizungumza habari za wenzake, nani yuko wapi, nani ametangulia. Nikajikaza, nikamuuliza kama anazikumbuka zile beti za daftari la hesabu.

"Beti gani, mwalimu?"

"Zile nilizokuchapia."

Akacheka. "Mwalimu, mbona nilichapwa mengi."

Nilimweleza jinsi zilivyokuwa, mnyama kwa kila mtu, na kwamba mizani ilitimia. Alitikisa kichwa, hakukumbuka hata neno. Nami ninakumbuka kwamba kulikuwa na kima, basi, aliyekuwa kiranja. Niliposhuka nilimpa konda nauli, naye dereva akamwambia airudishe.