Je, Dhiki ni Mwalimu?

Wahenga walisema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Wako wanaoutumia usemi huu kuhalalisha ukali: kwamba mtoto akinyimwa ndipo akili humfunguka. Katika miaka yangu ya kuwafunza walimu nimelisikia neno hilo mara nyingi, nalo linastahili kupimwa. Je, ni kweli kwamba dhiki hufunza?

Tuutazame mwili wetu. Mwaka 1992 Gregg Semenza na mwenzake Guang Wang, huko Marekani, walieleza juu ya protini iitwayo HIF-1, ambayo huziamsha jeni pindi seli zinapopungukiwa na oksijeni. Mwaka 2019 Semenza, pamoja na William Kaelin wa Marekani na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mtu apandapo mlima mrefu, protini hiyo na ndugu zake hushika kazi: figo hutoa homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu, mishipa mipya huchipua, na seli hujipatia nguvu kwa njia isiyohitaji oksijeni.

La ajabu ni kwamba seli haingoji shida ndipo ianze kuitengeneza HIF. Huitengeneza usiku na mchana. Oksijeni inapokuwa ya kutosha, protini hiyo hutiwa alama kwa oksijeni hiyo hiyo, kisha huvunjwa katika dakika chache. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi, nayo protini hubaki na kuongezeka. Basi upungufu haukuileta. Uliikuta imekwisha kuandaliwa siku za neema.

Nami naona hivyo ndivyo ilivyo kwa binadamu. Ustahimilivu tunaousifu kwa mtu aliyefikwa na msiba uliwekwa ndani yake zamani, na waliomlisha, waliomsomesha na waliompenda. Dhiki iliudhihirisha tu.

Tena, kuamka kwa nguvu si wema. Uvimbe wa saratani nao, ukikosa oksijeni, hutumia HIF hiyo hiyo kujivutia mishipa ya damu ili ukue. Ndivyo shida iwezavyo kumwamsha mmoja akawa mkarimu, na mwingine akawa mnyang'anyi. Na oksijeni ikikatika kabisa, seli za ubongo huanza kufa katika dakika chache. Hapo hakuna somo linalobaki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tusiusingizie ulimwengu ualimu ambao si wake. Usemi ule wenyewe humtaja mama kwanza. Anayemnyima mtoto chakula, kitabu au neno jema, kisha akasema anamkomaza, hamfundishi kitu. Anamtoa mlimani akiwa mtupu.