Elimu Haina Mwisho: Anaambiwa Nani?

Siku hizi hakuna hafla Vingunguti inayokwisha bila mshereheshaji kuitamka: elimu haina mwisho. Mara ya mwisho niliisikia ikimsindikiza mheshimiwa mmoja aliyekuwa akipongezwa kwa shahada ya pili. Vigelegele vikapigwa, joho likapigwa picha, na methali ikageuzwa ngazi ya vyeti: stashahada, shahada, uzamili, uzamivu. Lakini ngazi ina kidato cha juu kabisa, na afikaye pale hukaa. Sasa mwisho si ndio huo?

Nionavyo mimi, wahenga hawakuwa wakimtia moyo mwanafunzi. Walikuwa wakimkemea aliyehitimu. Mwanafunzi ana haja gani ya methali, na mitihani inamkumbusha kila muhula? Mwenye haja nayo ni yule ambaye tangu atoke chuoni hajafungua kitabu, anayesoma vichwa vya habari kwa muuza magazeti, bure, amesimama, kisha anapanda jukwaani kutufundisha uchumi.

Wapo wanaonijibu kwamba elimu si vitabu. Mchinjaji mzoefu pale machinjioni kwetu, wanasema, humshuku ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama tu, na huenda hajawahi kumaliza kitabu. Simbishii mtu hapo. Ila mchinjaji ng'ombe wake yuko mbele yake. Kiongozi huamua mambo ya watu asiowaona na ya miaka isiyofika bado. Macho yake mawili hayamtoshi. Lazima aazime ya wengine, wakiwemo waliokwishakufa, na hao huwapati ila vitabuni.

Chukua kipindupindu. Agosti 2015 kililipuka Dar es Salaam, na sisi tunaoishi kati ya Mto Msimbazi na mabwawa ya majitaka hatuhitaji kuelezwa hofu yake. Mwenyekiti wa mtaa asomaye barua za ofisi tu atahimiza watu wanawe mikono, basi. Lakini aliyewahi kusoma, hata kwa kupitisha jioni, habari za London ya mwaka 1854, anamjua daktari John Snow aliyefuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akaona vimeizunguka pampu moja ya maji mtaa wa Broad Street, akashawishi wakuu mpini wake ung'olewe. Huyo atauliza zaidi: nyumba zenye wagonjwa zinachota wapi? Kisima kipi? Mkokoteni wa maji wa nani? Historia ya Uingereza haimo katika majukumu ya serikali ya mtaa, na ndiyo maana natetea kusoma kwa mapana. Huwezi kujua mapema ni ukurasa upi utakaokufaa siku ya msiba.

Sheria inamtaka mgombea wa uenyekiti wa mtaa ajue kusoma na kuandika. Haimtaki asome. Pengo hilo methali inalijaza, tukiiacha ifanye kazi yake badala ya kuipamba kwenye kadi za mahafali.

"Sina nafasi," husema wakubwa. Mwalimu Nyerere shahada yake ya Edinburgh alikuwa nayo tangu 1952. Angeweza kuitegemea hiyo maisha yote. Lakini mwaka 1963, Rais wa nchi changa, akatoa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare. Tena tazama alichochagua: kisa cha mtawala anayeuawa na rafiki zake wakihofia kwamba amekuwa mkubwa mno. Ni wangapi walioko madarakani wangekaa usiku na kitabu cha namna hiyo? Mwaka 1969, Azimio la Arusha lina miaka miwili, akaleta Mabepari wa Venisi, tafsiri nyingine ya Shakespeare. Alipotoka Ikulu mwaka 1985 hakuweka kalamu chini. Injili nne akazitia katika utenzi. Joho halikumo humo.

Kwa hiyo kampeni za mtaa zikija, sitamwuliza mgombea amesoma hadi wapi. Nitamwuliza anasoma nini wiki hii. Akinijibu kwamba ana shahada, nitarudia swali.